Fundi Anajibu: Prosesa ya Seva au Prosesa ya Gemu?

Swali. Fundi wetu mpendwa, nina chumba kidogo hapa Katuba, Lubumbashi, ambamo vijana huja jioni kucheza mpira na mbio za magari kwenye kompyuta, na mchana mimi mwenyewe huhariri video za harusi na za ubatizo. Nataka kuunda kompyuta mpya. Muuzaji mmoja amenionyesha bodi iliyokwisha kufungwa prosesa ya seva iitwayo Xeon E5-2680 v4 na rami, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ya gigabaiti 32. Kwa fedha zinazokaribiana na hizo ninaweza kupata Ryzen 5 5600, bodi mpya na rami ya gigabaiti 16. Muuzaji anasema kwamba Xeon ina viini 14, yaani sehemu 14 zinazofanya kazi ndani yake, na ile nyingine ina 6 tu, na kwamba prosesa ya seva, ile mashine inayohudumia kompyuta nyingine, haifi kwa sababu imetengenezwa kufanya kazi usiku na mchana. Ninunue ipi?

Jibu. Ndugu yangu wa Katuba, kwa kazi zako hizo mbili chukua prosesa ya mezani, wala usivutwe na hesabu ya viini. Muuzaji hakukudanganya kuhusu namba: Xeon hiyo ina viini 14 vinavyoendesha nyuzi 28, yaani mikondo 28 ya kazi kwa pamoja, na Ryzen ina viini 6 vyenye nyuzi 12. Alichokiacha ni umri. E5-2680 v4 ilitoka mwaka 2016 na Ryzen 5 5600 ilitoka mwaka 2022, na baina ya miaka hiyo watengenezaji walijua namna ya kukifanya kiini kimoja kitende mengi zaidi katika kila mpigo wa saa yake. Mipigo yenyewe pia haina kasi sawa, kwa sababu Xeon huanzia gigahezi 2.4 na kufika 3.3 pale tu viini vichache vinapofanya kazi, ilhali Ryzen huanzia 3.5 na kufika 4.4. Ukiunganisha mambo hayo mawili, kiini kimoja cha Ryzen hufanya zaidi ya mara moja na nusu ya kazi ya kiini kimoja cha Xeon hiyo. Ndiyo maana hata katika kazi inayotumia viini vyote kwa pamoja, ambako ungetarajia 14 viwaache 6 mbali sana, prosesa hizi mbili hukaribiana, na katika vipimo kadhaa ile ya viini 6 ndiyo inayotangulia.

Katika gemu tofauti huwa kubwa zaidi. Lori la magunia ya unga likitoka Kasumbalesa, watu kumi na wanne watalipakua haraka kuliko watu sita, kwa kuwa kila gunia linaweza kubebwa bila kulingoja jingine. Lakini barua moja ya kupeleka Kamalondo haifiki mapema kwa sababu imesindikizwa na watu kumi na wanne. Inafika mapema ikipewa mtu mmoja mwenye mbio. Gemu ina magunia kidogo na barua nyingi. Ili skrini ionyeshe picha 60 kwa sekunde, prosesa ina milisekunde 16.7 tu za kuamua mpira umefika wapi, mchezaji amegonga kitufe gani na mlinda lango anaruka upande upi, kisha kuikabidhi kadi ya grafiki kazi ya kuchora. Na hatua nyingi kati ya hizo haziwezi kuanza kabla ya ile iliyotangulia kwisha. Kwa skrini ya picha 144 kwa sekunde, muda huo hupungua hadi milisekunde 7 hivi. Hapo viini vingi vya Xeon hukaa bila kazi vikimsubiri mwenzao mmoja aliyelemewa.

Nikiri jambo moja ambalo wauzaji wa upande wa pili hawatakuambia. Ikiwa kadi yako ya grafiki ni dhaifu, huenda usiione tofauti yoyote, kwa kuwa prosesa zote mbili zitakuwa zikiingojea kadi hiyo hiyo. Kwa hiyo, kama fedha ni za kuhesabu, afadhali prosesa ya kawaida na kadi nzuri kuliko prosesa ya fahari na kadi ya kuokoteza.

Kuhusu video, swali lako limeniacha nikitamani prosesa ya tatu ambayo hukuitaja. Xeon hiyo haina sehemu ya grafiki ndani yake, na Ryzen 5 5600 vilevile haina. Ukizifunga bila kadi, skrini itabaki nyeusi. Intel Core i5-12400, iliyotoka mwaka 2022 ikiwa na viini 6 na nyuzi 12, ina grafiki ya ndani, na humo mna sakiti maalumu ya kufungua na kufunga video za H.264 na H.265, yaani aina zile zile ambazo kamera nyingi za harusi hurekodi. Programu nyingi za kuhariri huitumia sakiti hiyo, na matokeo yake ni kwamba unapoisogeza video mbele na nyuma ukitafuta dakika ambayo bibi harusi anaingia, picha haikwami. Jambo hilo hukuokolea muda mwingi kuliko viini 8 vya ziada. Angalia tu kwamba jina halina herufi F mwishoni, kwani i5-12400F ni ndugu yake asiye na grafiki, na dukani masanduku yao hufanana. Faida nyingine ni kwamba siku kadi ya grafiki itakapoharibika, gemu zitasimama lakini kazi ya harusi itaendelea.

Gigabaiti 32 dhidi ya 16 ni hoja ya kweli, na kwa kuhariri video ningekushauri ufike 32 mara utakapopata fedha. Lakini ujue kwamba rami inayofungwa pamoja na Xeon hizo kwa kawaida ni ile ya seva, ambayo bodi ya kawaida ya mezani haiikubali hata kama zote mbili zinaitwa DDR4. Ukichoka na Xeon, utaiuza pamoja na rami yake kwa mtu mwingine mwenye bodi ya namna hiyo, huwezi kuihamisha.

Sasa nije kwenye neno la muuzaji kwamba prosesa ya seva haifi. Prosesa karibu zote hazifi upesi, za seva na za mezani. Kinachokufa ni bodi, pawa saplai na feni. Xeon yako ilipokuwa kazini huko ilikotoka, ilikaa katika chumba chenye baridi, hewa iliyochujwa na umeme usioyumba, na uimara wake ulitegemea malezi hayo. Hapa kwetu itakaa juu ya bodi isiyo na jina kubwa, ambayo mara nyingi huundwa kwa kutumia chipu zilizobanduliwa kutoka bodi za zamani, na wakati mwingine sehemu zake za kuilisha prosesa umeme ni dhaifu kuliko mahitaji ya prosesa yenyewe. Ongeza vumbi letu jekundu la kiangazi, ambalo kuanzia Mei huingia kila penye tundu, kisha joto la Oktoba kabla mvua hazijaanza. Kompyuta iliyopigwa brashi na hewa kila mwezi katika kipindi hicho itaishi kuliko ile yenye jina la seva isiyofunguliwa kamwe.

Umeme nao una hesabu yake. Kiwango cha Xeon hiyo ni wati 120 na cha Ryzen ni wati 65. Namba hizo hazisemi kila kitu kinachotumika, ila zinaonyesha upande ambao mizani inaelemea. Tuseme siku ya delestaje, yaani ya mgao wa umeme, unaendesha kwa betri ya volti 12 na ampea-saa 100. Kwa jumla ina wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi haitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo unazo 600. Kompyuta na skrini zikila wati 300, utapata saa 2. Zikila 240, utapata saa 2 na nusu, kabla ya kutoa kile kinachopotea ndani ya inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kompyuta. Nusu saa hiyo inaweza kuwa ndiyo iliyobaki kumaliza video ambayo mwenye harusi ameifuata akiwa amesimama mlangoni.

Kuna pia habari ya Windows. Xeon za kizazi hicho hazimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa rasmi na Windows 11, na Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Wapo wanaoiweka Windows 11 kwenye Xeon hizo kwa njia za kuzunguka, nami nimewahi kufanya hivyo, lakini baadhi ya gemu za mashindano hukagua usalama wa mashine kabla ya kufunguka, na wateja wako hawatakusubiri uendelee kuzunguka.

Ni nani basi ninayeweza kumwambia achukue Xeon? Mwanafunzi wa migodi anayeendesha hesabu za mwamba wa shaba usiku kucha, iwapo programu yake inajua kugawa kazi katika nyuzi nyingi. Mchoraji wa majengo anayeiachia mashine picha 20 za kukamilisha alfajiri. Au fundi anayejifunza mitandao na kutaka kuendesha kompyuta sita za kufikirika ndani ya moja. Hao wanahitaji rami nyingi kuliko kasi, na hapo Xeon haina aibu: inakubali zaidi ya terabaiti moja ya rami, wakati Ryzen na Core nilizozitaja hukomea gigabaiti 128, na ina njia 40 za kuunganisha kadi na diski. Mtu wa namna hiyo na asome jina hadi mwisho wake. E5 isiyo na “v” ni ya mwaka 2012, v2 ni ya 2013, v3 ni ya 2014, na v4 ndiyo ya 2016. Mbili za mwanzo hazina amri za AVX2, yaani amri za kukokotoa namba nyingi kwa mpigo mmoja, ambazo programu kadhaa za sasa huzidai, na hutumia rami ya DDR3. Mtu anayekuuzia “Xeon 2650” bila kutaja mwisho wa jina bado hajakuambia anauza nini.

Swali. Fundi, mimi ni mhasibu wa zahanati ndogo huku Ruashi. Tuna kompyuta 8 zinazosoma faili za wagonjwa na za malipo kutoka mashine moja. Mashine hiyo tulipewa na mfadhili, nayo ni ya kuchezea gemu, ina kioo ubavuni na taa za rangi. Mwanangu anasema ni aibu na ni hatari, tununue seva halisi. Je, ni kweli? Na hizo taa hazili umeme wetu mwingi?

Jibu. Mama, aibu haimo, hatari imo kidogo, ila haiko kwenye prosesa. Kuzigawia kompyuta 8 faili za maandishi na hesabu ni kazi nyepesi mno kwa prosesa yoyote ya gemu ya miaka ya karibuni. Itakuwa inasinzia karibu siku nzima.

Kitu cha thamani ambacho seva ingekupa ni rami inayojisahihisha. Kwa kila biti 64 za habari, rami hiyo huweka biti 8 za ulinzi, na biti moja ikigeuka yenyewe, 0 ikawa 1, kosa hurekebishwa papo hapo. Zikigeuka mbili, mashine hutambua na kutoa habari. Katika gemu, kosa la namna hiyo ni doa la rangi linalopita machoni. Katika daftari la malipo linaweza kuwa namba isiyo yake, tena ikahifadhiwa bila mtu kujua. Ni tukio la nadra. Zahanati itakapokua na kupata bajeti, nunueni seva ndogo ya kusimama yenye rami hiyo, wala msichukue zile bapa za kabatini zilizotoka katika ofisi za ng’ambo, kwani feni zake hupiga kelele kama mashine ya kusaga mahindi, na wagonjwa wako ukuta wa pili.

Kwa sasa fedha hizo zina mahali pa haraka zaidi. Fungeni ondulea, yaani kifaa chenye betri ya akiba, kwenye mashine hiyo, ili umeme unapokatika ghafla ipate dakika za kujizima kwa utaratibu, kwa sababu faili nyingi huharibika katika sekunde ile ya kukatika. Wekeni diski mbili zinazoandika mambo yale yale, kisha kila jioni nakili faili kwenye diski ya tatu ambayo huchomolewa na kufungiwa mbali na mashine, kwa kuwa diski mbili zilizo pamoja zitafuta pamoja faili utakayoifuta kwa makosa, na zitaungua pamoja umeme ukirudi kwa nguvu. Mwambie mwanao aingie kwenye mipangilio ya bodi na kuirudisha prosesa na rami kwenye kasi yake ya kawaida ikiwa ziliongezwa, maana mashine ya gemu mara nyingi huja imesukumwa kupita kiwango. Kama ina kadi kubwa ya grafiki na prosesa ina grafiki ya ndani, itoeni kadi hiyo muiuze. Hiyo ndiyo inayokula umeme bila sababu, na bei yake inaweza kulipia ondulea.

Taa zenyewe hutumia wati chache tu. Mnaweza kuchomoa waya wake mwembamba unaoingia kwenye bodi, ila mhakikishe kwanza kwamba si waya wa feni.