Kabla Hujalipia Trekta, Jua Anayekuuzia Ana Haki Gani

Kijana mmoja wa Sengerema ameniandikia wiki hii. Amepata pawatila iliyotumika (trekta dogo la magurudumu mawili la kuongozwa kwa mikono), bei nafuu, injini inawaka kwa mzungusho mmoja wa hendeli. Mwenye nayo anasema risiti iliungua pamoja na nyumba, ila "kijiji kizima kinajua ni yangu". Anataka kishika uchumba, yaani malipo ya awali, kesho. Kijana ananiuliza: "Dada, nichukue?"

Nimemwambia asitoe hata mia, na yeye na mimi tumemalizana. Ila maswali ya namna hii yamenijia mengi tangu trekta langu likamatwe shambani Magu mwezi uliopita. Wengi mmesikia kwamba lilikamatwa, wachache mmesikia kwamba liliachiwa, na wapo wanaoendelea kusema hadi leo kwamba nilinunua mali ya wizi. Nimenyamaza vya kutosha. Leo naandika yote, maana najua wengi mnaonisoma mko pale nilipokuwa: umechoka kulimia ng'ombe wa kukodi, umedunduliza hela ya mpunga, na sasa unatafuta mashine iliyotumika kwa sababu mpya huiwezi.

Trekta lenyewe ni Massey Ferguson 135, yale mekundu ya silinda tatu. Ni matrekta ya zamani sana, yalianza kutengenezwa mwaka 1964, na bado yanalima mbuga za Usukumani kuliko mengi yaliyokuja baadaye. Uzuri wake ndio huo, na shida yake iko hapohapo. Trekta la umri ule limepita kwa watu wengi. Mmoja amekufa, mwingine amehama, mwingine aliuziana na shemeji yake kwa mdomo tu na kadi ya usajili haikuguswa.

Nililiona Misungwi, nimepelekwa na dalali. Muuzaji alikuwa mtu mzima, mstaarabu, na kadi aliitoa mwenyewe ndani ya bahasha. Kadi halisi, namba zinalingana. Jina lililoandikwa ni la baba yake, ambaye alishafariki. Nikamuuliza nani msimamizi wa mirathi. Akanitazama kama niliyemtukania mzee wake. "Mama, mimi ndiye mtoto mkubwa. Mimi ndiye niliyemuuguza mpaka anaingia kaburini. Nani mwingine wa kuulizwa?" Nikamjibu, baba, sikuulizi wewe ni mtoto wa nani, nakuuliza nani amekupa mamlaka ya kuuza. Hapo dalali akaingilia, akasema mbele ya vijana waliokuwa wanaosha trekta kwamba ukimpeleka mwanamke kununua mashine atadai mpaka cheti cha ndoa cha muuzaji. Vijana wakacheka. Neno lile bado ninalo moyoni.

Lakini nilikuwa na haki ya kuuliza, na wewe unayo. Mali ya marehemu si ya mtoto mkubwa wala si ya aliyemuuguza. Familia inakaa kikao, inaandika muhtasari wenye majina ya warithi wote, inapendekeza mtu, na Mahakama ya Mwanzo inatangaza ili mwenye pingamizi ajitokeze. Baada ya hapo ndipo barua ya usimamizi inatolewa, na mwenye barua hiyo ndiye anayeweza kukuuzia. Kikao cha ukoo peke yake, hata kikiwa na wazee wote wa Misungwi na muhuri wa kitongoji, hakimpi mtu mamlaka hayo.

Nikaondoka bila trekta. Nikapigiwa simu kwamba kuna tajiri wa Lamadi anakuja na fedha taslimu. Nikasema aje. Msimu ule nikalimiwa na trekta la kukodi, nikachelewa kupanda, na mashoga zangu wa kikoba wakaniuliza ninangoja nini wakati hela ninayo.

Sitawachosha na mambo ya mahakamani. Itoshe kusema familia ile ilikwenda, na barua ilipotoka, msimamizi aliyeteuliwa hakuwa yule kaka mkubwa. Alikuwa dada yao. Fikiria ningekuwa nimeshalipa kwa yule aliyetoa kadi kwenye bahasha! Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iko wazi hapa: muuzaji hawezi kumpa mnunuzi haki ambayo yeye mwenyewe hana. Unaweza kuwa na mkataba mzuri, umelipa bei kamili, mashahidi wamesaini, na bado trekta likachukuliwa na mwenyewe, wewe ukabaki kumtafuta aliyekula hela yako.

Mkataba niliandikishana na dada huyo, msimamizi, kwa wakili jijini Mwanza. Kabla ya siku hiyo nilifanya jambo moja ambalo nawaomba wote mlifanye. Nilisafisha namba ya injini, ile iliyogongwa kwenye bloku upande wa pampu ya dizeli, kwa kitambaa chenye dizeli mpaka chuma kikang'aa. Nikaweka karatasi nyembamba juu yake na kuisugua kwa penseli iliyolala, taratibu, mpaka namba zikatokea nyeupe ndani ya weusi. Nikafanya hivyo pia kwa namba ya trekta. Yule binti mchapaji wa wakili alipomaliza mkataba, nikaulinganisha na karatasi yangu. Palipotakiwa kuwa na 3 ameandika 8. Akasema atarekebisha kwa kalamu. Nikamwambia hapana mwanangu, chapa upya. Akachapa, na karatasi yangu ya penseli ikabanwa pamoja na mkataba, wakili akaigonga muhuri.

Nikadai pia viandikwe vifaa vyote, kwa sababu kadi ya trekta haisemi chochote juu ya plau wala haro. Tukaandika: plau ya diski tatu, yenye kiraka cha kuchomelea kwenye boriti upande wa kulia, haro, tela ya matairi mawili. Hela nikaingiza kwenye akaunti ya benki ya msimamizi. Kisha tukaenda TRA, mamlaka ya mapato, yeye na mimi, tukalipia uhamisho na ushuru wa stempu, kadi ikaja kwa jina langu.

Sasa, mwezi uliopita. Mvua imenyesha usiku, udongo wa mbuga umelainika, foleni ya watu wanaotaka kulimiwa ni ndefu. Plau ikiwa ardhini, gari la polisi likaingia shambani. Mdogo wa wale ndugu wa Misungwi, wa baba mmoja, alikuwa amerudi kutoka machimboni Geita na kufungua taarifa kwamba trekta la baba yake limeibwa. Dereva wangu akapandishwa garini kama jambazi, watu wakiwa wamesimama kwenye kingo za majaruba wanatazama. Nilipofika kituoni sikupayuka. Niliweka faili mezani.

Askari alilipitia karatasi kwa karatasi, kisha akatoka kwenda kwenye trekta lenyewe. Akapaka chaki kwenye bloku, akafuta juu juu, unga ukabaki ndani ya namba, akazisoma moja moja huku mwenzake akifuatisha kwenye ile karatasi ya penseli. Zikalingana zote. Jina la mlalamikaji lilikuwemo kwenye muhtasari wa familia, na dada yake alileta uthibitisho wa fungu lake alilotumiwa kwa simu. Aliposhindwa kwenye trekta akageukia plau, akasema plau haikuuzwa. Wakasoma kipengele cha kiraka, wakainama, kiraka kipo palepale. Trekta likaachiwa.

Nilishinda, na najivunia. Lakini siku nzuri za kulima zilipita, baadhi ya wateja wangu walikwenda kwa wengine, na hakuna hata mmoja kati ya wale waliotazama kwenye majaruba aliyekuja kuniambia pole mayu, pole mama. Ndiyo maana nikiwaona mnatoa mamilioni kwa sababu tu injini haitoi moshi, naumia.

Sisi ni watu wa ng'ombe. Ukimletea Msukuma ndama mmoja mnadani, ataangalia chapa, atauliza katoka zizi gani, ataomba kibali cha mtendaji. Mtu huyohuyo ananunua trekta lenye thamani ya zizi zima kwa neno la dalali! Tena siku hizi mali inasafiri upesi. Zamani trekta la kutoka Sengerema lilisubiri kivuko, watu wakaliona. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, zile kilomita tatu za maji ni dakika chache tu.

Mashine nyingi zilizotumika zina mwenyewe wa pili ambaye hatajwi. Baada ya Kilimo Kwanza, ule mpango wa serikali wa kuinua kilimo, kuzinduliwa mwaka 2009, matrekta kutoka India yaliuzwa kwa mkopo kupitia SUMA JKT, shirika la uzalishaji mali la Jeshi la Kujenga Taifa, na hadi leo benki na kampuni za mikopo zinakopesha zana kwa masharti kwamba mkopaji asiuze kabla hajamaliza. Ukiambiwa "kadi ipo benki", jua kuna deni. Dai barua ya kumaliza deni, na uithibitishe kwa aliyeitoa, si kwa aliyekuletea. Vilevile halmashauri hukopesha vikundi asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Kikundi kinaweza kununua pawatila au pampu kwa fedha hizo, kisha mwanachama mmoja anayekaa nayo nyumbani akaanza kuiita yangu. Muulize muuzaji moja kwa moja: hii ni yako au ya kikundi? Ikiwa ya kikundi, taka muhtasari wenye saini za wanachama, kisha nenda kwa ofisa maendeleo ya jamii ukaulize kama mkopo umeisha. Ikiwa ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, uamuzi wa mwenyekiti peke yake hautoshi. Anza na muhtasari wa mkutano mkuu na ofisa ushirika wa wilaya.

Pawatila zinasumbua zaidi, maana nyingi hazina kadi kabisa. Hapo unategemea risiti na historia. Mashine za EFD, zile za kielektroniki za kutolea risiti za kodi, zilianza kutumika nchini mwaka 2010, kwa hiyo risiti ya EFD ya mashine inayodaiwa kununuliwa dukani mwaka 2007 si ya mashine ile. Risiti halali ina namba ya kuhakiki, ihakiki TRA kwa simu yako palepale. Karatasi zile hufifia, basi ukinunua toa kivuli siku hiyohiyo. Kama kweli risiti iliungua, aliyeuza dukani anaweza kuwa na nakala. Na usimsahau fundi. Fundi aliyeihudumia anajua ilikuwa kwa nani, ilibadilishwa injini lini, na kama kuna mtu anaidai. Mimi huwa namtafuta fundi kabla ya mwenyekiti.

Angalia pia chuma chenyewe. Kibati cha namba kikiwa na ribiti mpya kwenye mashine kuukuu, simama. Rangi mbichi mahali pa namba tu, simama. Alama za grenda, namba zilizopinda au zisizolingana kina, ondoka. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 311, inamhusu anayepokea mali ya wizi akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi. Namba iliyosagwa na bei ya kutupa ni sababu tosha, usije ukasema hukujua.

Na kadi ikiwa "imepotea", hiyo ni kazi ya muuzaji, si yako. Aende polisi apate taarifa ya upotevu, aende TRA apate kadi mpya kwa jina lake, ndipo akupigie simu mzungumze bei. Anayesema hana muda wa TRA, mwache na trekta lake. Ukishalipa, hamisha jina wakati bado anapokea simu zako. Asili za karatasi ziweke ndani, vivuli vya kadi na mkataba mpe dereva avifunge kwenye nailoni chini ya kiti. Wangu anatembea navyo sasa, hata akienda kisimani kuchota maji ya rejeta.