Kindle au karatasi? Jibu kwa mwanangu

Mwanangu Neema,

Barua yako nimeipata. Unauliza kama ununue Kindle, kile kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, ya shilingi 320,000 au uendelee na vitabu vya karatasi, maana chumba cha Dodoma ni kidogo na mitihani ya CPA, ya uhasibu, inakaribia.

Tuanze na hesabu. Kwa bei ulizonitajia, riwaya mpya ya karatasi ni 28,000 na ya kielektroniki 20,000. Unaokoa 8,000, kwa hiyo kifaa kitarudisha pesa yake ukishanunua kitabu cha 40. Wewe husoma vingapi kwa mwaka? Tena mtumba sijaugusa. Kitabu cha mtumba cha 10,000, ukikisoma ukakiuza 5,000, kimekula 5,000 tu. Cha kielektroniki huwezi kukiuza, kwa sababu ulicholipia ni ruhusa ya kusoma. Mwaka 2009 Amazon, kampuni inayouza Kindle, ilifuta vitabu vya George Orwell ndani ya Kindle za watu waliokwisha kuvilipia, kwa kuwa aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Pesa walirudishiwa, lakini vitabu viliondoka.

Vya CPA ndivyo vitakavyokutesa. Vingi utavikuta katika PDF, na PDF haijipangi upya kufuata kioo. Ukurasa wa A4 una upana wa sentimita 21, kioo cha Kindle cha inchi 6, kikipimwa kona hadi kona, kina upana wa kama 9. Herufi ya ukubwa wa 12 itaonekana kama ya 5. Ukiikuza, jedwali la mizania utalisukuma kushoto na kulia mpaka usahau ulikuwa mstari gani. Hivyo vya masomo chukua karatasi, uandike pembeni utakavyo. Dukani kague mgongo kwa juu: ukiona mafungu ya karatasi yaliyokunjwa na kushonwa, kitadumu. Kilichobandikwa kwa gundi tupu usikikandamize mezani kilale wazi. Mgongo utapasuka na kurasa za katikati zitaanza kuchomoka.

Riwaya ni habari nyingine. Faili la EPUB, yaani la kitabu cha kielektroniki, lenye maandishi matupu mara nyingi halifiki MB 2, bando halitalihisi, na herufi zake hujipanga kulingana na kioo. Jaribu kwanza kwa simu mwezi mzima. Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, wana riwaya za zamani za Kiingereza bure kabisa. Ukimaliza mbili na macho yakawa yanalalamika, hapo sitakukataza Kindle. Wino wake wa kielektroniki hula umeme hasa ukurasa unapogeuka, ndiyo maana chaji hukaa wiki kadhaa, na juani husomeka kama gazeti. Inunulie kava gumu, wala usiilaze chini ya laptop kwenye begi. Kioo chake hupasuka kwa ndani, na fundi wa simu wa kawaida hana cha kubadilishia.

Kamusi yako bado iko hapa. Nitaifunga nailoni mbili kabla ya kuipa basi, buti huvuja mvua ikinyesha.

Mama