Anaposema "Sawa", Amekubali Nini?

SWALI: Mpendwa Mshauri, nilizaliwa na kulelewa Mombasa, na tangu Januari ninasimamia ofisi ya uhasibu katika kampuni ya kusambaza bidhaa hapa Kisumu. Nimezoea kuanza na salamu, kuulizana habari za nyumbani, kisha ndipo nitaje haja yangu kwa upole. Mwezi uliopita nilimwambia karani wangu, "Ingekuwa vizuri kama hesabu za mwezi zingekuwa tayari kufikia Ijumaa." Akajibu, "Sawa." Ijumaa ilipofika hakuwa na chochote, na nilipomuuliza alishangaa, akasema kuwa sikumwagiza. Karani huyohuyo akitaka kitu kwangu husema tu, "Nipe ile faili," na katika mkutano wa juzi alinikosoa mbele ya wote kwamba ninazungukazunguka. Nimeumia. Je, niwe mkali, au nimfundishe adabu?
Msimamizi, Kisumu

JIBU: Dada yangu, pole sana. Kukosolewa mbele ya watu unaowasimamia kunachoma, na nitalirudia jambo hilo. Lakini niruhusu nianze na hesabu za Ijumaa, kwa sababu humo ndimo kutoelewana kulimozaliwa.

Itazame tena sentensi yako. Ina "ingekuwa" na "zingekuwa", na hakuna mahali palipotajwa nani azitayarishe hesabu hizo. Kwa aliyekulia kwenu, msimamizi akitamka hivyo ameshaagiza, na upole wake ndio heshima anayompa mfanyakazi. Kwa mtu ambaye huenda Kiswahili alikipata darasani, baada ya Kidholuo au Kiluhya cha nyumbani, "ingekuwa vizuri" ni tamanio la moyoni, na jibu la kiungwana kwa tamanio la mwenzako ni "sawa". Nionavyo mimi hakukudharau, bali alikubaliana nawe kwamba ingekuwa vizuri. Neno hilo "sawa" limebebeshwa mizigo mingi katika ofisi zetu: mara ni "nimesikia", mara "naafiki", mara "nitafanya", na mara nyingine ni njia ya staha ya kusema "tuyaache hayo kwa leo". Msimamizi anayelipokea bila kuuliza ni lipi kati ya hayo, hana ahadi yoyote mkononi.

Mwanaanthropolojia Mmarekani Edward T. Hall alieleza mwaka 1976 kwamba yako mawasiliano ambayo sehemu kubwa ya ujumbe hubebwa na mazingira, yaani cheo cha msemaji, uhusiano uliopo, sauti na hata kimya, na yako yale ambayo ujumbe karibu wote umo katika maneno yenyewe. Wewe unategemea zaidi ya kwanza, karani wako ya pili. Ninakusihi, hata hivyo, usiigeuze tofauti hii kuwa tabia ya kabila, maana wapo Waluo wanaosema kwa mafumbo na wapo watu wa Mwambao wasiomung'unya maneno, na ofisi ikishaanza kuelezana kwa makabila hakuna mtindo wa mazungumzo utakaoiponya.

Kwa hiyo salamu zako zibaki, na habari za nyumbani ziulizwe kama kawaida. Kinachohitaji kubadilika ni ile sentensi moja inayobeba kazi. Sema, "Naomba unitayarishie hesabu za mwezi huu, nizipate mezani kwangu Ijumaa saa nane mchana." Upole umo katika "naomba", na mtendaji, siku na saa vimo pia. Kisha usiulize, "Umeelewa?", kwa maana swali hilo huzaa "sawa" nyingine. Uliza, "Utaanza na zipi, na unahitaji nini kutoka kwangu?" Marubani hulazimika kurudia kwa sauti maagizo muhimu ya waongozaji wa ndege, wala hakuna anayedhani wamedharauliwa. Nawe unaweza kuyafanya marudio hayo kuwa desturi ya ofisi nzima, ili yeyote asihisi kwamba yeye ndiye anayeshukiwa.

Kuhusu "Nipe ile faili", ninaamini karani wako humwambia hivyohivyo rafiki yake wa karibu. Katika Kiswahili cha bara sentensi hiyo mara nyingi haina ukali wowote.

Kukukosoa mkutanoni ni jambo lingine. Hapo alikosea, hata kama hoja yake ilikuwa na ukweli, na unyoofu wa kusema haumwondolei wajibu wa kuchagua mahali. Mwite faragha, umwambie kwa lugha anayoielewa yeye: "Ulisema ninazungukazunguka. Nimelipokea, na ninarekebisha. Lakini kulisema mbele ya wenzetu kulinivunjia heshima. Mara nyingine njoo uniambie ofisini." Halafu umuulize yeye angependa akosolewe vipi, na ukae kimya mpaka amalize.

Kuwa mkali sikushauri. Howard Giles na wenzake, ambao tangu miaka ya 1970 wamechunguza jinsi wasemaji wanavyosogeleana katika usemi, walionyesha pia kwamba kusogea kupita kiasi huweza kumuudhi anayesogelewa. Ukianza kuiga lafudhi na ukavu wa karani wako, atadhani unamdhihaki.

SWALI: Kazini kwetu tulijaza dodoso la DISC, lile linalowagawa watu katika makundi manne ya tabia, nami nikawekwa kundi la watawala. Sasa wenzangu hunikwepa, wakisema "ndivyo alivyo". Nifanyeje?
Kijana, Nakuru

JIBU: Mawazo yaliyozaa dodoso hilo yalichapishwa mwaka 1928 na mwanasaikolojia William Moulton Marston, ambaye hakutunga dodoso lenyewe; hiyo ilikuwa kazi ya wengine baadaye. Yeye alieleza jinsi mtu anavyoitikia mazingira anayoyaona kuwa rafiki au pinzani, na mazingira hayo hubadilika. Jina la kundi lako, basi, si hukumu juu yako, wala si ruhusa ya kuwakatiza wengine. Waulize wawili unaowaamini ni kitendo gani hasa huwafanya wakukwepe. Wakitaja, kwa mfano, kwamba unajibu kabla hawajamaliza, katika mkutano ujao subiri watu watatu wazungumze kabla yako, na uandike walichosema.