Kumbukumbu za Babu Aliyepigana Burma

SWALI: Marehemu babu yangu alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) katika Vita Kuu ya Pili. Alipotusimulia habari za Burma (sasa Myanmar), alizungumzia zaidi mvua na matope kuliko mapigano. Je, masimulizi hayo yana thamani kihistoria? (Msomaji, Tabora)

JIBU: Yana thamani kubwa, ndugu msomaji. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilisonga mbele katika bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa mvua za monsuni, magari yakikwama topeni, chakula kikidondoshwa kwa miavuli kutoka kwenye ndege, na malaria ikiwaandama askari, hadi walipofika Kalewa, kando ya mto Chindwin, mwezi Desemba. Babu yako alieleza vita vyenyewe. Wenzake wengine hata hawakufika: tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Kijapani iliizamisha meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, wakafa zaidi ya watu 1,200, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tunakusihi uyaandike aliyoyasema kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na batalioni yake, na uwaulize shangazi na wajomba zako wanachokikumbuka.