Tisheti ya pinki umenunua, pesa imeenda wapi?

SWALI: Habari dada. Oktoba iliyopita kazini kwetu tulifanya matembezi ya kansa ya matiti, kila mtu akatoa 1,500 ya tisheti ya pinki imeandikwa mgongoni "kwa ajili ya utafiti". Nilitoa bila kuuliza juu dadangu mkubwa alienda na hiyo kansa. Juzi nikauliza HR ni utafiti gani tulichangia, akaniambia eti "ilisaidia kampeni". Nimekasirika bure ama? – Msomaji, Umoja

JIBU: Pole sana kwa dadako. Na hujakasirika bure hata kidogo.

Chukua hiyo 1,500 uikatekate. Toa tisheti yenyewe na kuprinti, toa maji ya chupa, tenti, DJ (siku hizi hata matembezi ya kansa lazima DJ), ambulensi ya kusimama kando, halafu uone kimebaki nini. Hicho kilichobaki nacho kina njia tatu: kuhamasisha watu wajipime, kulipia wagonjwa matibabu, ama utafiti wenyewe. Zote tatu ni kazi ya maana ila si kitu kimoja, na huyo HR wenu alichukua pesa ya ile ya tatu akaiweka kwa ile ya kwanza na pengine hata hakujua kuna tofauti.

Mimi mwenyewe mwaka juzi nilipigia waandaaji wa matembezi fulani hapa mjini, wakaniambia "sehemu ya mapato" inaenda kwa utafiti. Nikauliza sehemu ni ngapi. Simu ikakatika. Nikapiga tena, mteja hapatikani. Tangu hiyo siku nikisikia "sehemu ya mapato" nafunga kibeti kwanza.

Na usidhani ni ujanja wa hapa tu. Marekani, yogati ya Yoplait iliwahi kuwa na vifuniko vya pinki, unakula, unaosha kifuniko, unakitumia kampuni kwa posta, wao wanatoa senti 10 za kansa ya matiti kwa kila kifuniko. Stempu ya barua yenyewe ilikuwa ghali kuliko hiyo senti 10! Halafu mchango ulikuwa umewekewa kikomo, ukishafika hapo hata utume gunia zima la vifuniko hakuna kinachoongezeka. Sasa linganisha na stempu ya kansa ya matiti ambayo posta ya huko huko Marekani ilitoa mwaka 1998. Wakati huo stempu ya kawaida ilikuwa senti 32, hii senti 40, na ile tofauti ukitoa gharama za posta inagawanywa kisheria, asilimia 70 kwa taasisi za taifa za utafiti wa afya, 30 kwa utafiti wa kitiba ulio chini ya wizara ya ulinzi. Kwa miaka imekusanya zaidi ya dola milioni 80. Mwenye kununua anajua senti yake inalala wapi.

Kwa hivyo mwaka huu kabla hujatuma kwa hiyo paybill, uliza jina la taasisi inayopokea, uliza kwa kila tisheti wao wanapata shilingi ngapi (shilingi, si "sehemu"), na kama kuna kikomo. Wakisema ni utafiti unafanyika hapa Kenya basi lazima uwe na kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia), hizo karatasi zipo ama hazipo, si siri ya mtu. Na kama anayechangisha ni shirika la hisani, aonyeshe cheti, sheria ya mashirika ya manufaa ya umma ilianza kutumika Mei 2024 na inataka hesabu zitunzwe. Atakayekuona mbaya kwa kuuliza, huyo ndiye usimpe.

SWALI: Mimi naona hii mambo ya utafiti ni ya wazungu. Mamangu ako stage 3, tuko na grupu ya WhatsApp ya harambee na bado hatujafikisha pesa ya kemo (chemotherapy). Si afadhali hizo pesa zote zinunue dawa? – Kijana wa Kayole

JIBU: Kijana wangu, kama uko na elfu mbili na mamako anangoja kemo, hiyo elfu mbili ni ya mamako, wala usinisikize mimi wala mtu yeyote mwenye ribon ya pinki.

Lakini hapo kwa "ya wazungu" ngoja kidogo. Muulize daktari kama uvimbe wa mama umepimwa HER2, protini ambayo ikizidi inafanya uvimbe ukue haraka. Wagonjwa kama 15 hadi 20 kwa kila 100 wa kansa ya matiti wako na hiyo, na zamani ilikuwa habari mbaya kabisa, inarudi haraka na inasambaa. Daktari Dennis Slamon wa chuo kikuu cha UCLA, Marekani, ndiye alionyesha hivyo mwaka 1987, akataka dawa ya kuilenga, kampuni ya dawa ikasitasita, na aliyemwokoa ni Revlon, hao hao wa lipstiki, walimpa mamilioni ya dola za hisani kazi isife. Mwaka 1998 dawa hiyo, Herceptin, ikaidhinishwa Marekani, 2015 WHO ikaiweka kwa orodha ya dawa muhimu. Leo daktari wa Nairobi akimwandikia mgonjwa hiyo dawa, kuna pesa ya lipstiki ndani yake.

Na utafiti wa hapa kwetu mara nyingi hata haufanani na utafiti. Pale KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kuna rejista ya kansa ya Nairobi, makarani wanazunguka hospitali wakifungua faili moja moja, zingine zimechanika, mwandiko wa daktari mnaujua wenyewe, wanatafuta umri, mtaa, aina ya uvimbe, stage. Mkisikia Kenya ilikuwa na wagonjwa wapya karibu 6,800 wa kansa ya matiti mwaka 2020, hayo ni makadirio, na makadirio yanasimama kwa rejista kama hizi. Hakuna mtu anachangia karani nauli na tisheti ya pinki, na mimi nikipata mia tano ya ziada huko ndiko ningependa iende.

SWALI: Wanaume pia wanapata? – Baba wa watu wawili, Rongai

JIBU: Ndio. Ni wachache, kama mmoja kwa kila mia ya wagonjwa, ila wanapata. Ukiona kivimbe, enda.

SWALI: Nimetolewa kinyama cha biopsi (cha kupimwa kansa) na nikapewa fomu eti kilichobaki kiwekwe kwa utafiti. Nisaini? – Mama, Buruburu

JIBU: Mama, hicho kinyama kinagandishwa ndani ya nta, kinakuwa kama kipande kidogo cha mshumaa, na kinaweza kukaa miaka mingi kikikatwa vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Kwa mtafiti hiyo ni zawadi kushinda elfu kumi, maana sehemu kubwa ya data ya jeni za kansa duniani imetoka kwa watu wa asili ya Ulaya, si kwa kina mama wa Buruburu. Lakini kusaini si lazima. Ukikataa matibabu yako yanaendelea vilevile, na ukikubali leo unaweza kubadilisha nia kesho. Uliza kama kitatoka nje ya nchi na nani atakitumia. Na kama fomu ni ya Kizungu tupu, waambie wakusomee kwa Kiswahili pole pole kabla hujashika kalamu.