Maswali ya wasomaji: kuchora chumba kilichotulia kwa rangi za mafuta

SWALI: Ninapenda kuchora vyumba vya ndani kwa rangi za mafuta: meza, kiti, birika, mwanga wa dirishani. Kila kitu nakichora kama kilivyo, na watu wanaoziona picha zangu hutambua vitu vyote mara moja. Hata hivyo hazina utulivu. Zinafanana na tangazo la duka la samani. Nirekebishe nini?

JIBU: Tatizo limo katika maneno yako mwenyewe, kwamba kila kitu unakichora kama kilivyo. Mtu aliyeketi chumbani haoni vitu vyote kwa nguvu ileile. Anaona kimoja au viwili, na vilivyobaki anavihisi tu. Ukimaliza mguu wa kiti kwa uangalifu uleule ulioutumia kwenye birika, na pindo la pazia vilevile, kila kitu kitamwita mtazamaji kwa wakati mmoja, naye atakosa pa kutuliza jicho. Amua kabla ya kushika brashi ni mahali gani pekee patakapokuwa na ukingo mkali na weupe mkubwa kuliko pote, kisha kingo nyingine uzilainishe wakati rangi ingali mbichi, hasa pale ambapo kitu na kivuli chake vina giza linalokaribiana.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa zaidi, ni toni, yaani kiasi cha weupe au giza kilichomo katika rangi, iwe nyekundu au kijani. Finya macho utazame chumba hadi vitu vipoteze sura na yabaki madoa manne au matano tu ya mwanga na giza. Madoa hayo ndiyo picha yako. Wachoraji wengi wanaoanza huweka nyeupe tupu kwenye ukuta kwa sababu wanajua kwamba ukuta ni mweupe, na wakifika kwenye mng'ao wa birika hawana tena kitu cheupe zaidi cha kuupa. Ukuta mweupe ulio ndani ya nyumba mara nyingi ni wa kijivu, na kijivu kizuri hupatikana kwa kuchanganya samawati ya altramarini na kahawia ya amba iliyochomwa, kisha kuongeza nyeupe: altramarini ikizidi, ukuta unakuwa wa baridi, kahawia ikizidi, unapata joto. Kwa kucheza kati ya ncha hizo mbili unaweza kuchora ukuta mzima bila kuupaka rangi moja mfu.

Mtazame Vilhelm Hammershøi wa Denmark (1864–1916), ambaye kati ya mwaka 1898 na 1909 alichora tena na tena vyumba vya nyumba aliyokaa katika mtaa wa Strandgade mjini Copenhagen. Mara nyingi hakuna chochote ndani yake isipokuwa mlango, meza na mkewe Ida aliyetupa kisogo. Rangi zake ni chache mno, lakini hazichoshi, kwa kuwa kila kijivu kinatofautiana kidogo na kilicho jirani yake.

Lakini usidhani kwamba utulivu ni kufuta tu. Johannes Vermeer wa Delft, Uholanzi, katika picha yake ya mtumishi anayemimina maziwa, aliyoichora yapata mwaka 1660, aliacha ukutani msumari pamoja na tundu dogo la msumari mwingine. Uchunguzi ambao jumba la makumbusho la Rijksmuseum liliutangaza mwaka 2022 ulionyesha kwamba nyuma ya kichwa cha mwanamke huyo alikuwa ameanza kuchora kishikizo cha kutundikia magudulia, kisha akakifunika kwa rangi. Msumari haushindani na mtu; magudulia yaliyopangwa nyuma ya kichwa chake yangeshindana naye. Basi ondoa kile kinachogombea nafasi, hata kama ni kizuri, na uache kile kinachoufanya ukuta uwe ukuta.

SWALI: Picha moja hunichukua wiki kadhaa, nao mwanga wa dirishani haukai. Wachoraji wa zamani walifanyaje?

JIBU: Wengi walipendelea dirisha lisiloingiza jua la moja kwa moja. Katika kizio cha kaskazini cha dunia dirisha hilo hutazama kaskazini, na katika kizio cha kusini hutazama kusini. Aliye karibu na Ikweta hupata jua pande zote mbili kwa nyakati tofauti za mwaka, kwa hiyo pazia jembamba jeupe litamfaa zaidi kuliko kuhama chumba. Zaidi ya hapo, chagua saa moja ya siku na uifuate. Siku ya kwanza weka mipaka ya vivuli vyote kwa rangi nyembamba ya kahawia, na baada ya hapo usivisogeze hata jua likikushawishi. Siku ya mawingu fanya kazi kwenye turubai nyingine.

SWALI: Je, ni lazima nitafute vyombo vya kuvutia?

JIBU: Hapana. Mchoraji wa Italia Giorgio Morandi, aliyefariki mwaka 1964, alichora kwa miongo mingi chupa na makopo yaleyale katika chumba chake huko Bologna, na baadhi ya chupa alizipaka rangi ili zising'ae. Chombo kinachong'aa sana huleta kelele. Anza na vyombo vitatu vinavyotofautiana kwa kimo.

SWALI: Sehemu zenye giza katika picha zangu hufifia zikikauka na kuwa kama zimepakwa masizi, na picha moja imepasuka juu ya eneo jeusi. Kwa nini?

JIBU: Hayo ni mambo mawili. Mafuta ya kitani hayakauki kama maji. Huwa magumu kwa kufyonza oksijeni ya hewani, na kila rangi ina mwendo wake. Amba hukauka upesi, wakati nyeusi ya mifupa huchelewa sana. Ukiweka tabaka linalokauka haraka juu ya jeusi lililo bichi ndani, la juu litakuwa gumu huku la chini likiendelea kusogea, na hapo ndipo nyufa hutokea. Tabaka la kwanza liwe na tapentaini zaidi na mafuta kidogo, na kila linalofuata liwe na mafuta zaidi. Nyeusi ya mifupa usiitumie kwa tabaka la chini. Amba na altramarini hutoa giza la kutosha, tena lenye uhai.

Kufifia hutokea tabaka la chini linapofyonza mafuta ya juu. Rangi ikishakauka kwa kuguswa, pakaza mafuta kidogo sana ya kitani mahali hapo, ufute yote kwa kitambaa, na giza litarudi. Vanishi ya mwisho ingoje miezi sita hadi kumi na miwili. Vitambaa vyenye mafuta hayo usivikunje wala kuvirundika, kwa sababu vinaweza kupata joto na kuwaka vyenyewe. Vianike vikiwa vimetandazwa nje, au viloweke majini ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko.