Kubuni behewa linalofanya kazi: anza na mzigo

Wengi wanaotaka kubuni behewa jipya la treni ya kuchezea huanza na mota au sumaku waliyoipata kwa fundi redio, kisha wanatafuta kazi ya kuipa. Nashauri kinyume. Jiulize kwanza nini kinapakiwa, nani anakishusha, na kinaangukia wapi. Sisi wa Lubumbashi hatukosi mifano: reli ilifika hapa mwaka 1910, shaba ikaanza kuyeyushwa 1911, na hadi leo mji unaishi kwa kupakia na kupakua.

Tazama behewa la maziwa la kampuni ya Lionel ya Marekani, lililotoka 1947. Unabonyeza kitufe, mlango unafunguka, mtu mdogo anatokea na kusukuma kopo la maziwa hadi jukwaani. Ndani yake hamna maajabu: koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, inapata umeme na kuvuta kipande cha chuma, springi inakirudisha. Lilipendwa mno, na naamini sababu ni kwamba kazi ya yule mtu inaeleweka papo hapo. Hicho ndicho kipimo changu. Mtoto asiyewahi kupanda treni aelewe bila kuelezwa.

Kati ya yote niliyobuni, nalipenda zaidi behewa la chungu cha masalio ya shaba, yale yanayobaki shaba ikiyeyushwa na kumwagwa yangali moto. Chungu ni bati la kopo lililoning'inizwa kwenye ekseli mbili fupi, kizito upande wa chini ili kirudi wima chenyewe. Ndani nimeweka taa mbili ndogo, nyekundu na ya chungwa. Koili inakiinamisha, taa zinawaka, na kilima cheusi kando ya reli kinapata wekundu. Hakuna kinachomwagika! Mwanga ndio mzigo, kwa hiyo hakuna wa kuokota chochote.

Hapo ndipo mabehewa mengi ya kubuni yanapochosha. Mawe yakimwagika ovyo mezani, mchezo unaisha. Kwa behewa la mawe ya shaba, toboa meza pembeni mwa reli, weka kisanduku chini kinachovutwa kama droo, na changarawe irudi kwenye behewa kwa kijiko.

Vipimo navyo viangalie mapema. Reli zetu zina upana wa milimita 1,067, nyembamba kuliko za Ulaya. Ukijenga kwa kipimo cha 1:64, yaani kila kitu kidogo mara 64 kuliko halisi, reli za kawaida za H0 (kipimo maarufu cha treni za kuchezea), zenye upana wa milimita 16.5, zinalingana nazo karibu kabisa, na 1:64 inakuachia nafasi ya kutosha kuficha koili sakafuni mwa behewa.

Koili izungushe kwa waya mwembamba wa shaba wenye vanishi, kutoka transfoma iliyokufa. Tumia kitufe kinachojirudisha, kamwe si swichi inayobaki imewashwa: koili ikikaa na umeme muda mrefu inaungua. Volti 12 zinatosha. Umeme wa ukutani usiupeleke kwenye reli hata kidogo, watoto wanagusa.

Sasa niko kwenye behewa la makala, yaani mkaa: mlango wa pembeni, kijana anayesukuma magunia, mama anayepokea kituoni. Ukitaka kulijaribu nawe, magunia yajaze mchanga mkavu. Ya pamba ni mepesi, yanakwama mlangoni.